Bi Verdell na Nusu Saa ya Asubuhi

Faili lilikuwa la kijani, limelika pembeni, na hakuna mtu katika ukoo wa Mapp asiyelijua. Ndani yake mlikuwa na safari kumi na moja, moja kila baada ya miaka miwili, za kwenda Bustani ya Goldfinch, uwanja mkubwa wa michezo huko Florida, zote kwa mwandiko mmoja wa wino wa bluu: saa ya kuondoka nyumbani Dothan, mahali pa kujaza mafuta, chakula cha njiani, mchezo wa kwanza wa kupangia foleni, mchezo wa pili, saa ya kurudi kupumzika mchana. Verdell Mapp alikuwa mpishi mkuu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja. Mtu aliyezoea kulisha watoto mia nne na sitini kwa dakika hamsini hawezi kuambiwa kwamba likizo ni jambo la kujiendea tu.

Katika safari zote hizo familia ililala nje. Wanaokwenda Bustanini husema "nje" wakimaanisha moteli zilizojipanga kando ya barabara kuu, maili tano kutoka langoni, ambako unaegesha gari mlangoni na kujipikia chumbani. "Ndani" ni hoteli za Bustani yenyewe, zenye maziwa yaliyochimbwa kwa mashine na mabasi yao wenyewe. Zipo familia Alabama zilizogombana juu ya nje na ndani zaidi kuliko zilivyowahi kugombana juu ya mashamba ya urithi. Kwa akina Mapp hapakuwa na ugomvi, kwa kuwa faili lilikuwa la Verdell, na Verdell alilala nje, chumba namba nne, katika moteli ya Bi Hansa Solanki.

Ndipo Jumapili moja ya Aprili, baada ya ibada, binti yake Shavonne akavua viatu vyake vya kisigino jikoni na kusema, "Mama, mwaka huu tunalala ndani. Nimeshaweka nafasi."

Verdell aliendelea kukata kabichi. "Umeweka nafasi wapi?"

"Magnolia. Ile hoteli kubwa. Tuna hadi Ijumaa ya kubadilisha mawazo, lakini naomba usinibadilishie."

"Na faili langu?"

"Faili lako lipumzike. Hata wewe upumzike."

Sababu ya Shavonne haikuwa ya kipuuzi, na Verdell alikuwa mwadilifu kiasi cha kulikubali hilo moyoni hata alipokuwa akiikatakata ile kabichi zaidi kuliko ilivyostahili. Sababu ilikuwa Ngurumo. Ngurumo ni ile treni ya Bustani inayopandishwa polepole hadi juu ya minara, kisha ikaachiwa iporomoke na watu wake wakipiga mayowe. Miaka miwili iliyopita, Nyla, binti wa Shavonne, alisimama kando ya kijiti cha kupimia kimo cha wanaoruhusiwa kupanda na kukosa kukifikia kwa vidole viwili. Hakulia kwa sauti. Alisimama tu mpaka babu yake akainama, jambo ambalo wakati ule bado aliliweza, akamwambia, "Siku utakapokifikia hiki kijiti, mimi na wewe tutakaa kiti kimoja. Usipande na mtu mwingine." Tangu hapo kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mtoto alipimwa kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Mwezi Machi alama yake ilikivuka kijiti.

Ila katika miaka hiyo miwili magoti ya babu huyo, Luther, mume wa Verdell, yalikuwa yamekwisha. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na miaka ya kukanyaga klachi ilikuwa imemdai goti la kushoto kwanza, kisha la kulia. Alitembea kwa bakora. Kiti cha umeme, kile ambacho wazee wengine hukodi Bustanini, hakutaka hata kukisikia. "Nimeendesha magurudumu kumi na manane hadi California," alisema. "Sitamaliza na kiti." Daktari alimpa kibao cha bluu cha kuning'iniza kwenye kioo cha gari ili aegeshe karibu, naye alikizika kwenye kisanduku cha dashibodi, chini ya ramani na tishu za migahawa. Hicho, alisema, ni cha wagonjwa.

"Ikifika saa nne asubuhi foleni ya Ngurumo ni ya saa moja na nusu," Shavonne alieleza. "Baba hawezi kusimama hivyo. Lakini wanaolala ndani wanafunguliwa nusu saa kabla ya wengine. Saa mbili na nusu tumeingia, saa tatu kasoro Baba ameshapanda, amekaa zake na kahawa. Dakika thelathini, Mama. Ndizo ninazozilipia."

"Wanauza asubuhi," alisema Verdell.

"Wanauza kila kitu. Hata hewa ya kwenye baluni."

"Baluni ni lao. Asubuhi si yao."

Ili kuielewa hasira hiyo, ambayo Shavonne aliiona kuwa ya kizamani, yafaa kujua kilichompata Verdell mwaka wake wa kwanza shuleni, alipokuwa bado mwosha masinia. Siku zile watoto ambao wazazi wao hawakuweza kulipia chakula walipewa kadi za manjano, wakapangwa mstari wao, na mstari huo ulisubiri mpaka ule mwingine uishe. Aliwatazama kwa miaka tisa. Watoto wa miaka sita walijifunza kuificha kadi kiganjani kama kidonda. Wiki aliyopewa ufunguo wa jiko na cheo cha mpishi mkuu, alizitia kadi zote kwenye pipa la maganda ya viazi na kufungua mlango mmoja. Mwalimu mkuu alimwita ofisini na kumuuliza anadhani yeye ni nani. "Mimi ndiye mwenye upawa," alijibu. Ilitokea kwamba hakuna aliyekuwa tayari kuziokota kadi zile mbele ya wazazi, na mstari ukabaki mmoja hadi alipostaafu. Sasa mwanawe wa kumzaa alikuwa anamnunulia mahali katika mstari wa kwanza, akitarajia ashukuru.

Angekataa. Alikuwa ameshafungua kinywa akatae, Luther alipopaza sauti kutoka sebuleni.

"Kama ni shida, nyinyi nendeni tu. Mimi nitabaki na nyanya zangu. Juni ndiyo mwezi wake."

Verdell alikuwa ameishi na mtu huyo miaka arobaini na alijua kwamba nyanya haijawahi kumzuia kwenda popote. Luther alijificha nyuma ya nyanya kama watoto wale walivyoficha kadi. Akaifuta mikono yake.

"Tutalala ndani," alisema. "Na wewe mzee acha kusingizia mboga."

Simu ya kwa Bi Hansa aliipiga mwenyewe, maana mambo mengine hayatumwi.

"Nimekukosea nini?" aliuliza Bi Hansa. "Mashuka?"

"Mashuka yako hayana kasoro, dada. Ni magoti ya Luther. Tunataka ile nusu saa."

Nyuma ya Bi Hansa mashine ya kufulia ilikuwa ikizunguka. "Nitakiacha namba nne wazi."

"Ni Juni, Hansa, msimu wa wageni. Usiwe mjinga."

"Moteli ni yangu na ujinga ni wangu. Safari njema."

Mapokezi ya Magnolia yalikuwa na dari refu kama la kanisa na harufu ya maua ambayo hayakuwamo. Kijana wa kaunta aliwafunga kila mmoja bangili ya plastiki mkononi, akawatabasamia kwa dhati, kisha akawaonyesha chumba chao kwenye ramani. Chumba kilikuwa katika jengo la tisa. Verdell aliitazama ramani ile akihesabu hatua, kwa sababu wapishi wa shule husoma ramani kwa miguu. Palikuwa na daraja, palikuwa na ziwa, palikuwa na bwawa la kuogelea la kuzungukwa, na kituo cha basi kilikuwa upande wa pili wa vyote hivyo. Hiyo "ndani" ilikuwa kubwa kuliko mji aliozaliwa.

Asubuhi ya kwanza waliondoka chumbani saa moja na nusu. Katikati ya daraja Luther alisimama kuwatazama bata, naye hakuwahi kupenda bata. Kituoni walikuta watu wamejaa hadi kwenye nyasi. Basi la kwanza liliwapita, la pili likawachukua, na Luther alisimama njia nzima huku ameishika bakora na bomba la chuma, uso wake umetulia kama wa mtu anayesikiliza mahubiri marefu. Walipovuka lango, nusu saa ilikuwa imebaki dakika kumi na mbili, na Ngurumo iko mwisho kabisa wa Bustani.

Kwenye farasi wa mbao wa kuzunguka Luther alikaa benchini. "Nipeni dakika moja," alisema.

Wakampa. Kengele ililia, kamba ya wanaosubiri ikaondolewa, na umati wa asubuhi ukapita mbele yao ukikimbilia kule walikokuwa wakienda.

"Njoo, Nyla, mimi na wewe tuwahi," alisema Shavonne.

"Sipandi na wewe, Mama."

"Kwa nini?"

"Babu aliniambia nisipande na mtu mwingine." Mtoto akajisogeza juu ya benchi hadi ubavuni mwa babu yake, miguu ikining'inia. "Tutapanda kesho, sawa Babu? Leo tuangalie farasi."

Luther akasema farasi wale wanahitaji rangi. Walikaa wakihesabu wenye rangi iliyobanduka, na Verdell akatazama upande mwingine.

Mchana ule, Luther akiwa amelala chumbani na barafu kwenye magoti yote mawili, Verdell alitoka peke yake. Jikoni kwake shuleni alikuwa na sheria moja ambayo wasichana wapya waliichekea wiki ya kwanza na kuishika maisha yao yote: asitembee mtu zaidi ya hatua nne na chungu cha moto mkononi. Ukipanga meza zako vizuri, alisema, hutahitaji mtu mwenye nguvu. Sasa alisimama kwenye mlango wa jengo la tisa, akatembea kwa mwendo wa Luther, nusu hatua na kupumzika, hadi kituo cha basi. Hatua mia sita arobaini na mbili. Akarudi kwa njia nyingine akitumaini amekosea. Mia sita sitini na tano.

Akachukua ufunguo wa gari.

Bi Hansa alikuwa nje akimwagilia maua yake ya kando ya ofisi. Alimwona Verdell akishuka, akaingia ndani na kutoka na ufunguo wa namba nne. Verdell alikaa kwenye kitanda cha upande wa mlango, akajiinua polepole kama mtu mwenye magoti mabovu, akatembea hadi mlango wa gari.

"Tisa," alisema.

"Tisa nini?"

"Hatua. Kule ni zaidi ya mia sita, halafu basi."

Bi Hansa akafunga mfereji. "Miaka ishirini na mbili watu wananiambia kule ndiko karibu," alisema. "Na mimi nikaamini."

Lililobaki lilikuwa swali la kaunta. Verdell alimwendea yule kijana wa Magnolia na kumuuliza, kwa sauti aliyozoea kuwaulizia wakaguzi wa serikali, kama mtu mwenye bangili akilala kwingine bado ataingia na ile nusu saa.

"Bangili ni zenu hadi siku ya kuondoka, mama. Sisi hatuulizi mtu amelala wapi."

"Vizuri. Maana sitaki kusema uongo, hasa kabla ya kifungua kinywa."

Shavonne hakulipokea jambo hilo kwa wepesi. Alisimama kwenye dirisha la jengo la tisa, mgongo umegeuka. "Nimelipia dirisha linaloangalia ziwa, Mama."

"Basi wewe lala uliangalie. Ni zuri. Mimi na baba yako na Nyla tunakwenda kwa Hansa, wewe utatukuta langoni."

"Si ziwa." Alipogeuka macho yalikuwa mekundu. "Tangu niko darasa la pili, kila likizo naamka nakusikia unakaanga kitu. Nilitaka mara moja tu uamke na usimpikie mtu. Mara moja."

Verdell hakuwa ameliona hilo likija. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akalilainisha shuka ambalo halikuwa na mkunjo. "Mwanangu," alisema mwisho, "mimi nikikaa asubuhi bila kukaanga najiona kama niliyefukuzwa kazi. Lakini nimekusikia. Nimekusikia, hata kama sitakutii."

"Hujawahi kunitii."

"Basi hujapoteza kitu."

Shavonne akacheka kabla hajajizuia, na hapo Luther akatoa sauti kutoka chini ya barafu yake. "Mkimaliza kunigawana, mniambie nalala wapi."

Asubuhi iliyofuata namba nne ilinukia siagi na uji mzito wa mahindi. Verdell alimkalisha Nyla kati ya magoti yake, akazifumua zile nywele zilizofungwa mafundo mawili makubwa, na kumsuka mistari iliyolala kabisa kichwani. "Wasije wakasema umepimwa na nywele," alisema. Mtoto alikunja uso akavumilia. Luther alitoka, akatembea hatua zake tisa, akaketi nyuma ya usukani, kwa maana kuendesha kulikuwa kwake bado.

Kwenye maegesho ya Bustani mhudumu mwenye fimbo ya rangi ya chungwa aliwapungia waende mbali, safu za nyuma, ambako mtu hubebwa na kitoroli kirefu cha abiria hadi langoni na kupanda na kushuka tena. Luther alisimamisha gari. Verdell alitazama mbele. Alikuwa na maneno mengi, na mengine aliyafanyia mazoezi usiku kucha, na yote aliyameza, kwani alijua kwamba akilisema hata moja, kibao kile kitabaki chini ya tishu hadi siku ya kufa kwao. Gari la nyuma lilipiga honi.

Luther aliinama, akafungua kisanduku, akaondoa ramani, akaondoa tishu, akakining'iniza kibao cha bluu kwenye kioo.

"Asiseme mtu neno," alisema.

Mhudumu akainua fimbo yake upande wa pili, na wakaegesha hapo, umbali wa kurusha kofia hadi langoni.

"Babu, hicho ni nini?" aliuliza Nyla.

"Leseni," alisema Luther. "Ya kuendea Ngurumo."

Shavonne aliwakuta langoni, ameshuka basini nywele zimelowa jasho. Walipoonyesha bangili zao na kupitishwa, iliwabidi wapite kando ya kamba, na nyuma ya kamba ilisimama familia nzima iliyovaa fulana za manjano zenye jina la ukoo mgongoni, wazee kwa watoto. Rangi ile ya manjano ilimwingia Verdell kama mwiba. Mama mmoja wa makamo yake, amekaa kwenye kiti cha kukunja, alimtazama bangili.

"Nyinyi ndio wa ndani?"

Verdell hakuweza kupita bila kujibu. "Tumelipia ndani, dada. Tumelala nje."

Yule mama alilifikiria hilo. "Basi mmekatwa pesa mara mbili," alisema, na fulana zote za manjano zikacheka. "Nendeni, tupandieni na sisi."

Verdell alicheka nao, na uso ukamwaka moto. Alikwenda, kwa sababu ahadi ya mtoto ilikuwa mbele na magoti ya mume wake yalikuwa na saa zake, lakini hakujidanganya kwamba ilikuwa haki. Mstari ulikuwa ule ule, na safari hii yeye alikuwa upande wenye chakula.

Luther alipumzika mara mbili tu. Kwenye foleni ya Ngurumo hawakufika hata watu thelathini. Msichana wa mlangoni aliweka kiganja juu ya kichwa cha Nyla, akabonyeza, nywele hazikubonyea, akakishusha kijiti hadi kwenye alama. Kilimgusa mtoto utosini.

"Umefika, bibie. Unapanda na nani?"

"Na huyu," alisema Nyla, akimwonyesha Luther kama mtu anayeonyesha tiketi.

Kushuka ndani ya kigari cha treni kulimgharimu Luther. Verdell alimwona akiuma meno, akiuvuta mguu wa kushoto kwa mikono miwili, kisha chuma cha kuwafungia kikashuka mapajani mwao na mtoto akamshika kidole gumba. Verdell alibaki chini na bakora na kofia. Treni ilipanda ikikwaruza, ikapanda, ikasimama juu kwa kitambo kidogo, na kati ya vichwa vyote aliweza kukiona kimoja cheupe na kando yake kimoja chenye mistari iliyosukwa alfajiri. Halafu vikatoweka. Sauti iliyotoka haikuwa ya Nyla. Luther Mapp, aliyevuka milima yenye barafu na tani ishirini nyuma yake, alipiga yowe kama aliyemwagiwa maji.

Walitoka wameshikana mikono, haieleweki nani anamshikilia nani.

"Babu alilia," alisema Nyla.

"Ni upepo," alisema Luther. "Na nikwambie kitu, Dell. Goti halikuuma kule juu. Hakuna mahali pa kulikanyagia."

Saa nane mchana mlango wa namba nne ulikuwa wazi na kambare walikuwa wakikaangwa kwenye unga wa mahindi. Luther alilala kwenye kitanda cha upande wa mlango, viatu bado miguuni, na Nyla amelala amemkingama kifuani. Bi Hansa alileta achari ya ndimu na kiti chake mwenyewe. Shavonne alikuja na taulo begani akitokea kwenye dirisha lake la ziwani, akasema anapita tu, kisha akala samaki watatu akiwa amesimama.

"Miaka miwili ijayo?" aliuliza, akilamba vidole. "Ndani au nje?"

"Muulize baba yako akiamka," alisema Verdell, na hilo peke yake lilimfanya binti yake amtazame mara mbili.

Alilifungua faili lake la kijani kwenye goti. Katika ukurasa wa safari ya kumi na mbili aliandika jina la Nyla, kimo chake, na saa ya Ngurumo. Penye mahali pa kulala aliandika: hatua tisa. Kisha akaitoa ile karatasi ambayo hoteli huwapa wageni ili waseme wameridhika kiasi gani, yenye nyuso tano za kuchagua, kuanzia ya kununa hadi ya kucheka. Aliigeuza upande usio na kitu. Aliandika: "Wapendwa, kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa nikipika shuleni, na ninataka kuwaeleza jambo kuhusu mistari miwili." Alikuwa amefika chini ya ukurasa, na hajamaliza, Hansa alipomwambia samaki wanaungua.

"Wageuze basi," alisema Verdell. "Nipo kazini."